Nafasi tupu kwenye chati

Dada yangu alifariki alfajiri, saa chache baada ya kufanyiwa upasuaji wa kujifungua katika hospitali ya binafsi hapa Mombasa. Mtoto alipona. Tuliambiwa presha ilishuka ghafla, basi.

Tulimzika adhuhuri ile ile. Hakuna aliyetaka mwili wake uguswe tena, na mimi nilikuwa wa kwanza kukataa. Uchunguzi wa maiti ukatupita, ushahidi wote ukabaki ndani ya faili la hospitali.

Nilipoliomba kwa mdomo, niliambiwa liko kwa daktari. Niliporudi, linakaguliwa. Wakili aliyetusaidia akaniambia, "Kaka, usiombe tena. Andika." Nikaandika, nikataja Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayotoa siku 21 za kujibu. Nikataja kila karatasi: fomu ya idhini, maandishi ya daktari wa usingizi, chati ya dawa, chati ya presha na mapigo ya moyo. Nakala yangu nikahakikisha imegongwa muhuri wa mapokezi. Siku ya 19 nikaitwa nikachukue.

Jirani yetu, nesi mstaafu, alinisomea ukurasa kwa ukurasa tukiwa tumeketi mkekani. Kidole chake kikasimama. Saa saba usiku: presha 90 kwa 50, mapigo 128. Mstari uliofuata ulikuwa wa saa kumi na nusu. Katikati, patupu.

"Mwanangu, huyu alikuwa akivuja damu. Na hakuna aliyekuja kumtazama."

Nililia pale pale. Saa tatu na nusu!

Ukurasa huo ndio niliouweka mbele kwenye malalamiko yangu kwa baraza linalosajili madaktari na kutoa leseni za hospitali. Sikutukana mtu, niliandika saa na tarehe tu. Fidia ni kazi ya mahakama, na huko shemeji alilazimika kwanza kupata idhini ya kusimamia mirathi ya mkewe. Tulikuwa na miaka 3 tangu kifo ya kufungua kesi. Anayeidai Serikali fidia ya kosa kama hilo ana miezi 12 tu, na matanga peke yake hula mingapi?

Kabla kesi haijasikizwa, mawakili wa hospitali waliomba tuzungumze. Shemeji alikubali, kwa sharti kwamba fedha ziwekwe kwa jina la mtoto. Faili ninalo mimi, kabatini, pamoja na ile barua yenye muhuri.