Wakadhani Yumo Katika Msafara

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Luka 2:41-52, na naomba tulisome kabla uchovu wa safari haujatutoka. Wengi wetu tumeingia Nairobi juzi na jana kutoka Kakamega, Bungoma, Kisii, Eldoret, tulikokwenda kwa Krismasi. Wengine mmefika saa nane za usiku na asubuhi mkaenda kazini.

Yusufu na Mariamu nao walikuwa wametoka sikukuu. Siku za Pasaka zilikuwa zimetimia, wakafunga mizigo, wakashika njia pamoja na jamaa zao kurudi Nazareti. Kwa umbali ni safari isiyozidi ile ya Nakuru hadi Nairobi, ila wao waliikanyaga kwa miguu, siku kadhaa. Yesu alibaki nyuma Yerusalemu. "Nao wakadhani ya kuwa yumo katika msafara, wakaenenda mwendo wa siku moja." Siku nzima, wapendwa! Na hawa ni watu waliokwenda Yerusalemu kila mwaka, watu waliotoka ibadani siku hiyo hiyo. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu kila mmoja alikuwa na hakika.

Sisi je? Tumeimba Imanueli, Mungu pamoja nasi. Kuku wamechinjwa, wazee wametuwekea mikono kichwani pale uani, tukapakia unga, mkungu wa ndizi na miwa iliyokatwa vipande ipate kutosha kwenye buti. Tukafunga milango ya gari tukiwa na hakika kwamba naye yumo. Kisha tukafika Gilgil, kwenye barabara kuu ya Nakuru hadi Nairobi.

Aliyepita huko wiki hii hahitaji kuelezwa, lakini nawaelezea waliobaki mjini. Trela moja limekwama penye mwinuko. Magari yanasimama nyuma yake. Hadi hapo hakuna aliyetenda kosa, mashine imeharibika tu. Baada ya muda gari dogo linachomoka kwenye mstari na kuingia upande wa wanaokuja. La pili linalifuata, kisha gari la matatu, kisha basi zima la abiria. Wengine wanashuka kando, kwenye changarawe, wakitimua vumbi. Wale wanaotoka Nairobi nao wanafanya vivyo hivyo. Mwishowe safu tatu zinatazamana na safu tatu, bampa kwa bampa. Lile trela limeshatengenezwa kitambo, injini inanguruma, na halina pa kupita.

Kwa hiyo tusilisingizie trela. Saa zile zote tulizuiwa na watu waliokuwa na haraka kuliko wenzao. Watoto walilia kwa joto. Akina mama walishikiana leso kando ya gari ili mmoja wao ajisaidie kwa staha. Na huko nyuma king'ora cha ambulensi kilisikika kikilia mahali pale pale, hakisogei karibu wala hakiendi mbali. Sijui nani alikuwa ndani. Kila honi iliyopigwa mbele yake ilikuwa ya mtu anayetaka kufika nyumbani kwake kwanza.

Paulo anasema upendo "haukosi kuwa na adabu, hautafuti mambo yake". Desemba nzima tumeyasikia maneno hayo harusini, na ni vizuri. Lakini harusini ni rahisi kupenda, maana unayeambiwa umpende umemchagua mwenyewe. Barabarani jirani yako hana jina wala sura, ni namba ya gari tu. Yule dereva wa trela uliyemtukana ametoka Mombasa anaelekea Malaba, mpakani na Uganda, na huenda Krismasi imempitia akiwa kwenye usukani, mbali na watoto wake. Ukimpunguza mtu huyo akawa kizuizi tu mbele yako, ndipo unapoanza kumwacha Bwana nyuma, hata kama wimbo wa injili ungali unacheza redioni.

Na jambo hili lina damu ndani yake. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, pale Migaa karibu na Salgaa, basi lililokuwa likija Nairobi kutoka Busia liligongana na lori. Watu 36 wakafa. Walikuwa wanarudi kutoka sikukuu kama sisi. Kila mwaka barabara za Kenya zinaua zaidi ya watu 4,000. "Usiue" ni amri ya Mungu, na sioni kwa nini tuisikie kanisani tukifikiria bunduki na panga peke yake. Anayelipita gari kwenye kona asiyoona mbele yake anaitikisa amri hiyo hiyo, hata akifika salama.

Upanuzi wa barabara hii kutoka Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa Novemba 2025. Namshukuru Mungu kwa hilo, na naombea ukamilike. Hata hivyo, safu tatu tulizijiundia wenyewe kwenye barabara ya safu moja, na moyo ule ule ndio utakaoendesha kwenye barabara pana.

Turudi kwa Luka. Walipomkosa kwa jamaa na marafiki, Yusufu na Mariamu walifanya jambo gumu: waligeuka. Mwendo wa siku nzima waliokwisha kuulipia kwa miguu yao wakaukubali upotee. Walimwona baada ya siku tatu.

Nayakumbuka haya kwa sababu ya namna Gilgil ilivyofunguka. Askari wa trafiki hawakuwa wamefika. Alikuja kijana mmoja wa bodaboda, amevaa gambuti na koti zito, ameshika tawi la majani kama yale yanayowekwa barabarani gari likiharibika. Akawa anapita dirisha kwa dirisha akiwasihi madereva warudi nyuma kidogo. Wengi walipandisha vioo. Mmoja akamsukuma. Dereva wa matatu, aliyekuwa mbele kabisa kwenye safu isiyo yake, akamsikiliza, akatia gia ya nyuma. Abiria wake walimfokea sana. Akarudi mita chache, aliye nyuma yake naye akarudi, na mwingine, hadi nafasi ya trela moja ikapatikana. "Heri wapatanishi, maana hao wataitwa wana wa Mungu." Siku ile nilimwona mpatanishi akiwa na tope kwenye gambuti, na mwingine akiwa kwenye usukani.

Waliopitia Mai Mahiu walikipita, pengine bila kukiona, kile kikanisa kidogo kilicho kando ya barabara penye mteremko. Kilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakiichonga barabara ile. Watu hao hawakuwa na ruhusa ya kurudi makwao Krismasi yoyote, lakini waliwaachia wasafiri mahali pa kusali. Nikifikiria hilo, naona tunaweza kuiombea safari ya kurudi kama tunavyoiombea ya kwenda. Desemba kanisa zima lilisimama likatuombea tunapoondoka. Kijijini wengi tuliondoka kimya kimya saa kumi za alfajiri, mkono mmoja kwenye simu, tukitafuta habari za msongamano.

Luka 2:51 inasema, "Akashuka pamoja nao mpaka Nazareti." Alitembea nao njia ile ile ya vumbi, mwendo wote, na akawatii.

Wiki hii wanafunzi wanarudi shuleni, na mabasi yatajaa tena. Jumatano kwenye maombi kila mmoja alete jina la msafiri wake na mahali anakokwenda, tuyataje moja moja. Tuwataje pia madereva wa trela walioko njiani kuelekea Malaba, aliyekuwa ndani ya ile ambulensi, na kijana wa Gilgil ambaye hatukumuuliza jina.