Boliti ya Tisa

Jana alasiri binti yangu alinitumia picha kwenye simu: kipande cha boksi kilichotobolewa matundu kumi, na katika kila tundu imesimamishwa boliti ya silinda hedi, ile sehemu ya juu ya injini, kwa mpangilio uleule wa injini ilikotoka. Chini yake ameandika, "Habari za mchana, Baba. Hizi mlikuwa mnazirudisha au mnatupa?" Huu ni mwezi wake wa pili wa mafunzo ya kazini huko Kampala. Swali hilo nimeulizwa na wateja wengi na nimewajibu bila kuinua macho kutoka kwenye kazi, lakini yeye nilishindwa kumjibu, kwa sababu ya lile boksi.

Mwaka 2011 nilikuwa bado kwa Mzee, fundi aliyenifundisha kazi, pale Arua, nimeshatoka katika kuosha vipuri na nimeanza kuaminiwa na spana. Mwalimu alituletea Toyota Spacio yake, ile yenye injini ya 1NZ, ikiwa imeungua gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, yaani mwili wa injini. Haikuhitaji uchunguzi mrefu: maji ya radieta yalipungua kila siku bila tone kuonekana chini, hosi ya juu ilivimba na kuwa ngumu muda mfupi baada ya kuwasha, na asubuhi bomba lilitoa moshi mweupe wenye harufu tamu ya dawa ya radieta. Tuliifungua, hedi ikapelekwa kusawazishwa, gasketi mpya ikanunuliwa. Siku hiyohiyo Mwalimu akapata habari kwamba mama yake mkubwa amefariki Koboko, na kwamba mazishi ni kesho yake saa nane mchana. Gari lake ndilo lililotegemewa kuwabeba wazee wa ukoo.

Boliti mpya hazikupatikana Arua. Zilikuwepo Kisekka, soko la vipuri la Kampala, na mwenye duka alikuwa tayari kuzikabidhi kwa basi la usiku, lakini basi lile lilikuwa na njia yote ya Karuma na Pakwach mbele yake, na likichelewa kidogo tu, mazishi yangetupita. Mzee akasema tunafunga usiku uleule kwa boliti zilizopo.

Sipendi watu wanapolisimulia jambo hili kana kwamba Mzee hakujua kazi. Alijifunza ufundi kwenye injini za dizeli za zamani, ambazo boliti zake ni nene na zilikazwa kwa kipimo kimoja cha spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ndani ya uwezo wa chuma kujirudi. Boliti ya namna hiyo ukiisafisha, ukaona nyuzi zake ni nzima na haina kutu iliyoila, unairudisha bila wasiwasi, na Mzee alizirudisha miaka mingi pasipo gari hata moja kurudi likilia. Za 1NZ ni za namna nyingine. Unazikaza kwanza kwa nyutoni-mita 29, ambazo ni kama kuzikalisha tu, halafu unaachana na kipimo cha toki na kuhesabu pembe: robo mzunguko kwa zote kumi, kisha robo nyingine. Robo hizo mbili zinaivuta boliti iwe kama springi, ili injini ikipata moto na hedi ya alumini ikatanuka, kwa kuwa alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, boliti iendelee kuibana gasketi bila kulegea. Chuma kilichovutwa hivyo kinaweza kisirudi urefu wake wote. Ndiyo maana vitabu vya watengenezaji wengine vinataka boliti ipimwe kabla ya kurudishwa, na vya wengine vinakataza kabisa kuirudisha.

Mimi ndiye niliyezisafisha kwa mafuta ya taa na kuzipanga kwenye boksi. Juu ya vichwa vyake niliona alama za rangi ya njano za kuhesabia pembe, nukta moja kila kichwa, na rangi ile haikuwa yetu, kwa sababu sisi tulitumia nyeupe. Kuna fundi aliyewahi kuifungua injini ile kabla yetu na kuzivuta boliti zilezile. Nilipoipangusa ya tisa kwa kitambaa, ukucha wangu wa kidole gumba ulinasa kidogo juu ya nyuzi, mahali ambapo mwili wa boliti ulikuwa umepungua, kiuno chembamba ambacho jicho lisingekiona kwa ile taa. Niliigeuza, nikapitisha ukucha tena, ukanasa tena. Nikaichomeka kwenye tundu lake.

Ilikuwa yapata saa nne usiku tulipoanza kukaza. Tulikausha matundu ya bloku kwa upepo, tukapaka nyuzi mafuta kidogo, tukaanzia katikati kwenda pembeni kama inavyotakiwa. Nyutoni-mita 29 zikaisha, nikaweka nukta nyeupe kwenye kila kichwa, robo ya kwanza ikapita salama. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye tairi, koti lake la mazishi limekunjwa mapajani.

Robo ya pili, boliti ya kwanza mpaka ya nane, zote zilikuwa na uzito wa aina moja mkononi. Boliti za namna hii hata zikiwa mpya hufika mahali zikaacha kuongezeka ugumu, na fundi anayezijua hashtuki. Ila haziwi nyepesi. Ya tisa ipo pembeni kabisa. Niliivuta, ikapanda ugumu kama wenzake, na kabla nukta nyeupe haijafika nusu ya safari nikahisi mpini unanifuata. Sijui namna nyingine ya kulieleza hili: mkono unasukuma, na kile kilichokuwa kinakataa kinaanza kukubali. Nikasimama. Mzee, aliyekuwa ameshika taa, akauliza, "Vipi, kijana?" Ukucha wangu ulikuwa unakumbuka kile kiuno. Mwalimu alikuwa ananitazama. Nikasema, "Hakuna kitu, Mzee," nikavuta.

Ulikuwa mlio mkavu, mfupi, kama mhogo mbichi unapovunjwa. Spana ilikwenda peke yake, vifundo vya mkono wangu vikagonga ukingo wa bodi, na kichwa cha boliti kikabaki ndani ya soketi pamoja na kipande cha shina lake. Mzee hakusema neno. Aliinamisha taa, akatazama pale palipokatika, palipokuwa pamechongoka kama penseli, kisha akamgeukia Mwalimu na kumwomba radhi, yeye, kwa kazi ya mkono wangu.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Kipande kilichobaki kwenye bloku kilitoka kwa kugongwa taratibu na patasi ndogo, kwa kuwa hakikuwa na mkazo tena. Tatizo lilikuwa gasketi, ambayo ikishabanwa imeshakwisha, nasi tulikuwa nayo moja tu. Gasketi nyingine na boliti kumi zilifika kwa basi keshokutwa yake. Mwalimu aliondoka alfajiri kutafuta usafiri wa wazee, akaukosa, akaenda mwenyewe kwa bodaboda. Alituambia baadaye kwamba alikuta udongo umeshafukiwa.

Mzee alifariki miaka sita iliyopita, na sikuwahi kumwambia habari ya ule ukucha. Pengine angeniambia nyamaza na ukaze. Pengine angeshusha taa akaitazama. Ningeyajua hayo kama ningesema.

Kwa hiyo jana nilimwandikia binti yangu akaazime boliti moja mpya, azisimamishe zote juu ya kioo, vichwa chini, aweke rula juu yake, kisha apitishe ukucha kwenye kila moja. Jioni akajibu: "Mbili ni ndefu kuliko mpya, Baba, na moja kati ya hizo ina kiuno. Lakini Fundi ameshasema zinarudi, na mwenye gari anakuja kesho saa nne. Nimwambie?"

Niliandika "Mwambie", nikafuta. Ni msichana peke yake kati ya wanaume saba, na barua yake ya kumaliza mafunzo itasainiwa na fundi huyohuyo. Usiku sana ndipo nilipotuma hivi: "Chukua ile yenye kiuno na ile mpya, umpe mkononi zote mbili, kisha usiondoke hapo."

Sasa ni saa tatu na robo asubuhi. Ujumbe ameusoma. Simu ipo hapa mezani.