Kwa Kadiri Walivyotaka

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Yohana 6:1–13. Lisomeni taratibu, hata kama mmelisikia tangu utotoni. Mkifika mstari wa 11, tueni hapo. Yesu ametwaa mikate, ameshukuru, amewagawia walioketi, na samaki vilevile, "kwa kadiri walivyotaka". Maneno hayo yamenikaa moyoni wiki nzima, kwa sababu nilikokulia samaki waligawanywa kwa kadiri ya fedha.

Nilikulia kijijini kando ya Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria. Juu kidogo ya mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapotua, palikuwa na kibanda cha mabati, na ndani yake mama ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Samaki. Alikuwa na karai kubwa, jeusi tii, mafigani muda wote, na mafuta yake yalikuwa ya pamba, maana pamba ndiyo iliyolimwa kwetu. Samaki alimchanja ubavuni, akampaka chumvi, akamwacha apigwe na jua mpaka maji yamkauke, ndipo akamtumbukiza. Tukitoka shule harufu ilitupokea kabla hatujakiona kibanda. Ukinunua, unafungiwa kwenye kipande cha gazeti, na pilipili ya ndimu pembeni kama unaitaka. Sato mzima alikuwa wa mwalimu, wa mchungaji, au wa mgeni aliyeshuka kwenye basi. Watoto tulipata mkia, au kichwa cha sangara, tukakizunguka ndugu wote na kukinyonya mpaka mfupa unang'aa. Na kilikuwa kitamu! Sitaki mtu adhani nasimulia huzuni tu.

Chipsi zilikuja baadaye, na fedha za wavuvi. Viazi vililetwa kwa gunia kutoka mbali, naye akavikaanga kwenye mafuta yaleyale ya samaki. Chipsi za kwetu zilikuwa na ladha ya ziwa. Mpaka leo, nikila za mjini, naona zimepungukiwa.

Nilipoingia ujana, mambo yalibadilika mwaloni. Sangara si mwenyeji wa ziwa letu. Alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950, akaongezeka, akawamaliza furu, samaki wadogo wa asili, kwa wingi. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikashamiri Mwanza na Musoma. Magari ya barafu yakaanza kutangulia mwaloni alfajiri, na mawakala wakiwa na mizani yao. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, mabondo, yaani vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki, yakaenda Asia, na kijijini tukarudishiwa mapanki: kichwa, uti wa mgongo, na nyama ambayo kisu kiliisahau. Samaki aliyevuliwa mbele ya macho yetu alikwenda mjini, akaturudia mifupa.

Mama Samaki aliyapokea mapanki hayo kwa heshima ambayo sijaiona mahali pengine. Aliyaosha, akayatia chumvi, akayakaanga polepole mpaka mifupa midogo ikatafunika. Yenye nyama zaidi aliyaweka kando. Hakuuza hayo mpaka ajue kama kuna mjamzito au mgonjwa ambaye hajaletewa kitoweo.

Mwaka 1999 Ulaya ilizuia samaki wa ziwa letu kwa hofu ya sumu iliyotumiwa na baadhi ya wavuvi. Bei ikaanguka. Baba za rafiki zangu wakakosa ada, na wakati huohuo kwenye karai la Mama Samaki tukaona tena vipande vya sangara vyenye nyama nene. Nilikula na kufurahi, nikijua kwamba jirani analia. Mpaka leo sijui kuyatenganisha mambo hayo mawili, na nimeyapeleka kwa Mungu hivyohivyo yalivyo.

Jambo jingine lazima niliseme, kwa ajili ya wazazi wanaosoma hapa. Kuna wasichana wa rika letu walionunuliwa chipsi na samaki na wanaume wazima, wakaja kulipa kwa masomo yao na miili yao. Chakula kile kilikuwa na ndoana ndani. Yesu aliwalisha wanaume wapata elfu tano, bila kuhesabu wanawake na watoto, na hakumdai yeyote baada ya kula. Walipotaka kumshika wamfanye mfalme, alijitenga akaenda mlimani peke yake.

Sasa rudini kwa Filipo. Anapiga hesabu: mikate ya dinari mia mbili haitoshi, hata "kila mmoja apate kidogo tu". Hesabu yake ni sahihi. Ndiyo hesabu iliyotulea sisi watoto wa mwaloni: kidogo tu kwa kila mmoja, na kwa wengine mifupa. Andrea naye anamleta mtoto mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, kisha anauliza hivi ni nini kwa watu wengi hawa. Shayiri ilikuwa mkate wa maskini. Mtoto yule hakutoka nyumba ya kushiba, na injili nyingine tatu hazimtaji kabisa. Namshukuru Yohana kwa kumwona.

Halafu angalieni mpangilio wa mstari wa 12. "Nao waliposhiba", ndipo Yesu anasema, "Kusanyeni vipande vilivyosalia". Kwanza wote washibe, mtoto yule akiwamo, masalio yanafuata. Vikapu kumi na viwili vilijazwa na vipande baada ya kila mtu kuinua mkono na kusema inatosha. Kwetu ziwani utaratibu uligeuzwa: masalio yalitangulia kwa maskini, shibe ikaenda kwa walio mbali. Mungu haridhiki na mpangilio huo, na nasema hivyo nikiwa nimeinua macho kwenye meza zetu wenyewe pia. Kwenye sherehe za kipaimara na harusi zetu za kanisani, watoto wanakula lini? Wanawake waliopika tangu usiku wanakula nini? Nimeona masufuria yakikwanguliwa kwa ajili yao wakati meza ya wageni ina nyama isiyoguswa. Jumapili hii, wazee wa kanisa na kamati za chakula, waiteni watoto wa kwanza, na mama wa jikoni wakae mezani wahudumiwe.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyeshika samaki wawili wa mtoto ukashukuru, wakumbuke wavuvi walio majini usiku huu na wanaowasubiri mwaloni. Wakumbuke mama wanaokaanga kwa moshi ili watoto wao wasome. Walinde binti zetu na kila mkono unaotoa ili ukamate. Uwape wenye mizani na viwanda hofu yako, na mvuvi apate bei ya haki. Watu wa ziwa wale samaki wa ziwa lao, kwa kadiri wanavyotaka. Amina.