Kazi mbili kwa mpigo juu ya kisima kimoja

Hapa Lamu ukitaja visima vya baharini swali la kwanza ni kazi zitafunguka lini, na sishangai, manake 2012 kisima cha Mbawa kilichimbwa huko nje na gesi ikaonekana, ingawa haikutosha kufanyia biashara, na vijana wetu wengine wameanza kusomea mambo ya rigi, yaani mtambo wa kuchimbia visima. Mimi naomba walishike sana hili la kazi mbili tatu kwenda pamoja mahali pamoja.

Chanzo ni pesa. Rigi ya bahari kuu inakodishwa kwa siku, ile iliyoitwa Deepwater Horizon kodi yake ilikuwa karibu dola laki tano kila siku, sasa meneja akiona rigi inangoja roho inamuuma, anataka huku watu wanachimba, huku wanachomelea, huku krini inashusha mizigo. Na ukipanga vizuri kweli mnamaliza mapema.

Lakini tazama 20 Aprili 2010, Ghuba ya Mexico, kwenye hiyo hiyo Deepwater Horizon. Walikuwa wanatoa tope zito la kuchimbia kisimani na kuweka maji ya bahari, na mchana huohuo tope linapelekwa kwa meli ya huduma iliyo kando. Kisima unakijua kwa kulinganisha kinachoingia na kinachorudi, kikirudi kingi zaidi basi kuna kitu huko chini kinasukuma. Sasa tope linahama tangi hili kwenda lile, jingine linakwenda melini, hata meli ilipomaliza kupokea bado matangi yanasafishwa na kumwagwa, hiyo hesabu nani ataishika? Usiku gesi ikapanda ikalipuka, watu 11 wakafa. Hapo hakuna kazi hata moja iliyokuwa ngeni, zote ni za kila siku, shida ni kwamba moja iliziba macho ya nyingine.

Piper Alpha vilevile, jukwaa la mafuta la Bahari ya Kaskazini, 6 Julai 1988, watu 167 wakafa. Valvu ya usalama ya pampu moja ilikuwa imetolewa kutengenezwa, zamu ya usiku haikujua, pampu ya pili ilipozima wakaiwasha ile isiyo na valvu, gesi ikavuja ikalipuka. Na majukwaa jirani yakaendelea kusukuma mafuta na moto wanauona!

Kwa hivyo pamiti zote, yaani vibali vya kazi, zikae ubao mmoja, chini ya mtu mmoja anayejua kila kinachoendelea, na iandikwe mapema kazi gani haikutani na gani. Manahodha wetu wanafanya hivyo kwa mkondo wa Mkanda, ile njia nyembamba kati ya Manda na bara, maji yakitoka chombo kimoja kinamngoja mwenzake apite. Zamu zikabidhiane hapo hapo penye mashine, si kwa karatasi iliyoachwa mezani. Kazi inayogusa hesabu ya tope isubiri, hata kama meli italala hapo.

Nyinyi mnaosomea, siku ya kwanza rigini ulizeni nani ana ruhusa ya kusimamisha kazi. Mkiambiwa ni bosi peke yake, ulizeni tena, mana hata kibarua wa sitaha anafaa aweze kusema simameni na pampu zikazimwa kwanza, maswali baadaye.