Bledi ya buldoza la zamani imekaza tena

Leo bledi ya buldoza letu la zamani, yaani bamba la mbele la kusukumia udongo, imeacha kucheza. Awali ukiisukuma kwa mtaimbo tu inagonga huku na huku, udongo ukisawazishwa unabaki na mawimbi, na lawama zote anapewa dereva, kumbe tatizo ni viungo.

Tuliishusha juu ya magogo mazito. Kulala chini ya bledi iliyoshikiliwa na haidroliki (nguvu ya mafuta yenye shinikizo) peke yake, hapo sina mjadala: hapana. Pini za viungo vya bledi zilitoka kwa nyundo na moto kidogo. Zilikuwa zimelika upande mmoja, na matundu yamekuwa umbo la yai. Ukitia pini mpya kwenye tundu la namna hiyo unaiharibu bure. Kwa hiyo tulijaza matundu kwa kuchomelea, tukayachonga upya kwa mashine iliyofungwa palepale, ndipo tukaingiza bushi mpya, yaani vipande vya bomba vinavyokaa kati ya pini na tundu.

Viungo vya kichwa cha duara vilikuwa rahisi. Tulipunguza vibati vyembamba vya chini ya kifuniko mpaka mchezo ukaisha, kichwa kikiwa bado kinageuka. Grisi, basi.

Nimefurahi mno kuona chuma cha umri huu kikikwangua ardhi na kuiacha tambarare. Kesho nageukia mikono ya kusukumia.