Nimerudi Magomeni, naambiwa nyota yangu imechafuka

Jamani, mnaopanga kurudi Bongo mikono mitupu kama mimi, jiandaeni. Foleni mtazizoea, joto ni lile lile, mwendokasi mtapanda na kusukumwa. Kitakachowamaliza ni nyota.

Mabegi hata sijafungua, shangazi kanivuta chumbani: "Mwanangu, nyota yako imechafuka. Ukae Ulaya miaka yote ile urudi na nguo tu?" Jirani akapinga, haijachafuka, imeibwa, na mwizi anamjua. Binamu akanitumia namba ya mtaalamu wa kusafisha nyota. Kibao chake kimepigiliwa kwenye nguzo ya umeme, hapo hapo na kurudisha mpenzi na kushinda kesi. Yeye hupokea hela kwa simu kabla hajakuuliza hata jina la mama yako.

Jina la mama! Mtaa huu huu wa marehemu Sheikh Yahya Hussein, yule mnajimu maarufu aliyefariki 2011, leo mtu anasoma nyota bila jina la mama! Mzee aliyenitazamia kabla sijaondoka aliandika jina langu na la mama kwa Kiarabu, kila herufi na thamani yake, alifu 1, be 2, jimu 3, akajumlisha, akagawa kwa 12. Ikabaki 7, yaani nyota ya saba kati ya zile 12: Mizani. Akaniambia nitoe sadaka, na nisikate tiketi mpaka nimewaomba radhi wote niliogombana nao. Mambo ya nyota siyaamini sana, hadi leo. Ila kule kupita nyumba kwa nyumba, nikikaa kwenye mikeka ya watu niliowatukana, kulinionyesha naondoka nikiwa mtu wa namna gani. Huyu wa nguzoni ananipa mwizi tu wa kumchukia.

Mpwa wangu ana programu ya unajimu kwenye simu. Kasema Zohali, ile sayari, amerudi pale alipokuwa nilipozaliwa. Nikacheka. Zohali huzunguka jua kwa miaka 29 na ushee, na nani asiyeyumba akikaribia thelathini, hana kazi wala mume? Lakini akaniuliza, "Ma'mdogo, huko umeacha nini ambacho hukukitaka tena?" Tukaongea mpaka adhana ya alfajiri. Tangu nishuke uwanjani, hakuna mwingine aliyeniuliza.

Mtaalamu naye katuma ujumbe tena: ofa inaisha Ijumaa. Shangazi ameshalipa nusu.