Kalamu nyekundu ya Madam: siku moja ya atachimenti ya tiba kazi, Kisumu

Saa 11:15 alfajiri

Manyatta huamka kabla yangu. Jirani anapuliza jiko la makaa, redio ya mtu inasoma matangazo ya vifo kwa Dholuo, na yunifomu yangu bado ina unyevu kwenye kola. Ninazo mbili tu, na joto la Kisumu haliruhusu kuvaa moja siku mbili. Nafua kila jioni.

Mfukoni naweka goniometa ya plastiki, ile ya kupimia kiungo kinapinda nyuzi ngapi, futi ya fundi cherehani, kalamu mbili, na daftari la saa. Kati ya hivyo vyote, daftari ndilo silisahau. Shirikisho la dunia la taaluma yetu, tiba kazi, linataka mwanafunzi amalize saa zisizopungua 1,000 za mafunzo ya vitendo kabla ya kuhitimu, na kila saa iwe chini ya msimamizi. Piga hesabu ya saa nane kwa siku: ni siku 125, bila kuugua, bila mazishi, bila mgomo. Hadi jana nilikuwa na 612. Saa isiyo na sahihi ya msimamizi ni kama haikupita.

Kabla hujaniuliza: hapana, hatutafutii watu kazi. Shangazi yangu wa Kakamega bado anaambia watu nasomea mambo ya ofisi ya leba. Kwetu sisi "kazi" ni lolote linalojaza siku ya mtu: kuvaa, kula, kwenda msalani, kupalilia, na kwa mtoto, kucheza. Kiharusi au ajali ikimnyang'anya mtu hayo, tunatafuta njia ya kumrudisha kwayo, na kama haiwezekani, tunaigeuza shughuli yenyewe imfuate alipo.

Saa 1:20 asubuhi

Matatu kutoka Kondele imejaa. Nimekaa nusu kiti, nusu nyingine ameketi kuku wa mtu.

Saa 2:00

Hospitalini. Madam, msimamizi wangu (wanafunzi wote humwita hivyo, na wagonjwa wameiga), ananirudishia notisi nilizoandika jana kuhusu mgonjwa mmoja, mzee wa wodi ya wanaume. Neno moja limezungushiwa wino mwekundu mara mbili. *Nilimsaidia mgonjwa kuvaa shati.*

"Nilimsaidia," anasoma kwa sauti. "Ulimsaidia kiasi gani?"

"Kidogo, Madam."

"Kidogo cha nani?"

Nikanyamaza. Ijumaa nilimpima mzee huyo kwa kipimo cha Barthel, chenye shughuli kumi na alama 0 hadi 100. Kwenye kuvaa nikampa 5, maana yake anahitaji msaada lakini walau nusu ya kazi anaifanya mwenyewe. Ukweli ni kwamba vifungo vyote sita nilifunga mimi. Mkono nikautia mimi. Mzee alichofanya ni kukaa na kunishukuru.

"Hiyo 5 ni yako," Madam akasema. "Mgonjwa hana alama hapo."

Saa 2:40

Wodi ya wanaume. (Mambo machache kuhusu wagonjwa nimeyabadilisha, wasijulikane.) Mzee ni mtengenezaji wa nyavu, kutoka upande wa Dunga. Kiharusi kimemshika upande wa kulia, hii ni wiki ya tatu. Namwamkia "Oyawore, Mzee" kwa Dholuo changu cha kuokoteza, yeye ananijibu "Mulembe", salamu ya Kiluhya, ili kunicheka, kisha tunakutana kwenye Kiswahili.

Shati liko pajani mwake. Kanuni naijua hata usingizini: mkono dhaifu huingia kwanza, na wakati wa kuvua hutoka mwisho. Namweleza mara moja, narudi hatua moja nyuma, nafumbata mikono yangu mgongoni.

Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofundishwa, na hakuna aliyeniambia darasani. Nimelelewa nikiambiwa mzee akisimama umpishe, akibeba umpokee. Sasa hapa natazama mtu wa umri wa babu yangu akitafuta tundu la mkono wa shati kwa dakika nzima, mkono wa kulia ukiteleza kama samaki, jasho likimtoka kwenye paji, na mimi nimesimama tu kama askari wa benki. Mkewe alikuwa ameleta uji. Akavumilia, akavumilia, mwisho akaweka chupa chini.

"Daktari, mbona unamtazama tu anahangaika? Huko kwenu ndivyo mnavyofanya wazee?"

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nikamgeukia Madam aniokoe. Madam alikuwa anaangalia dirisha.

Nikamwambia Mama, kwa heshima yote niliyokuwa nayo, kwamba wakirudi nyumbani mimi sitakuwepo asubuhi, na yeye atakuwa ameenda kuuza samaki. Nani atamvalisha? Hakujibu. Lakini hakumgusa. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha pili, mikono kaifunga ndani ya leso, kama mimi.

Dakika kumi na moja. Vifungo vitatu. Cha nne kilimshinda, nikashika upindo wa shati ukae imara, akajaribu tena, kikamshinda tena. Vitatu vya chini nikafunga mimi. Nikaandika pale pale kwenye kiganja: 11, 3 kati ya 6.

Tukiwa korido Madam akaniambia kitu kimoja tu: "Na zile koni za mazoezi ya mkono unazompa apange kila siku, anazipangia nani?" Akaenda zake.

Saa 4:00

Kitengo cha mikono. Kijana wa Ahero, tambarare za Kano, amekatwa kano za vidole viwili vya mkono wa kushoto. Ndiyo, mkulima wa Kano na kano zake. Yeye mwenyewe ameshachoka na utani huo. Alikuwa akivuna mpunga kwa mundu: mkono wa kushoto hushika shina, wa kulia huvuta, na mundu haubagui shina na kidole.

Kano zilishonwa wiki nne zilizopita. Splinti yake inayozuia vidole visinyooke kupita kiasi nilimtengenezea mimi, kutoka kwenye kipande cha ile plastiki inayolainika ndani ya maji ya moto. Plastiki hiyo ni ghali, hivyo vipande vilivyobaki tunavihifadhi kama vitambaa vya fundi. Leo ameileta mfukoni.

Mfukoni! Nilikuwa na hotuba tayari: kano iliyoshonwa bado ni dhaifu, inahitaji ulinzi wa wiki sita hivi, ikikatika tena ni kurudi chumba cha upasuaji. Nikavuta pumzi nianze. Madam akanitangulia.

"Mpunga wenu uko hatua gani?"

Kijana akachangamka ghafla. Uliobaki umeanza kukomaa. Ndege wameshukia, na asipokuwepo shambani alfajiri, kweleakwelea watamaliza kila kitu. Ameitoa splinti kwa sababu kombeo linataka mikono miwili.

Basi tulikaa robo saa nzima tukizungumzia ndege. Nani mwingine yuko nyumbani? Mdogo wake, lakini ana shule. Kuna madebe? Yapo. Kamba? Ipo. Akaichora mwenyewe kwenye karatasi kwa mkono wa kulia: madebe yamefungwa kwenye kamba kando ya majaruba, anavuta upande mmoja, yanalia upande wa pili. Mkono wa kushoto unabaki ndani ya splinti, juu ya goti.

Hotuba yangu nilimpa hata hivyo, ila fupi. Alisikiliza vizuri zaidi kuliko wiki iliyopita.

Saa 5:30

Kliniki ya watoto wenye mtindio wa ubongo. Benchi limejaa akina mama, na nusu ya mazungumzo ni kuhusu SHA, bima ya afya ya serikali: nani amesajiliwa, nani amelipa, nani ameambiwa mtambo uko chini. Tangu bima hiyo ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kila mama hapa amekuwa wakili.

Mama mmoja wa Nyalenda ana binti wa miaka mitatu. Wiki mbili zilizopita alituonyesha anavyomlisha: mtoto kalala mapajani, kichwa kimeanguka nyuma, uji unamiminwa kutoka juu. Mtoto alikuwa anakohoa kila kijiko, kwa sababu kichwa kikirudi nyuma njia ya hewa hubaki wazi na chakula hupotea njia. Tulifanya mazoezi ya kumkalisha wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kikija kutoka mbele usawa wa mdomo. Leo amekohoa mara moja tu kwa kikombe kizima. Mama amehesabu mwenyewe, sisi tulikuwa bado tunatafuta kalamu.

Kisha nikatoa fahari yangu: kiti. Nimekitengeneza kwa makatoni na magazeti yaliyogandishwa kwa uji wa unga tabaka juu ya tabaka, ufundi ulioanzia Zimbabwe na ambao hauhitaji mbao wala seremala. Kilikauka siku tisa. Nikapaka rangi ya samawati. Mtoto akakalishwa, nyonga zimekaa, miguu imefika chini, kila kipimo sawasawa.

Mama akakizunguka. Akakiinua. Akauliza, "Daktari, hiki kinapandaje bodaboda?"

Kiti ni kipana kuliko dereva. Tena mlango wake, akasema, ni nusu mlango, wa mabati. Futi yangu ilipima mtoto mzima mzima lakini haikuwahi kufika Nyalenda. Akina mama wa benchi walicheka, na mimi nikacheka kwa kuchelewa. Kiti kimebaki nyuma ya kabati. Jumamosi nitakipeleka kwa tuktuk, kwa pesa zangu, na nitapima mlango kwanza.

Saa 7:00 mchana

Ugali, omena, sukuma. Ngege ni za wenye mshahara. Niliacha nusu nikakimbia dukani kununua uzi na sindano ya kushonea nyavu. Sindano hawakuwa nayo, nikachonga moja kwenye kipande cha plastiki cha splinti kilichokuwa kidogo mno kwa mkono wowote. Koni nimeziacha kwenye kabati.

Saa 8:15

Nimemleta Mzee kwenye kitengo kwa kiti cha magurudumu. Nimefunga kamba kwenye mguu wa meza, nikaanza mistari miwili ya wavu kama nilivyoona kwenye video. Nikamwekea mbele.

Akautazama. Akapitisha vidole viwili ndani ya jicho moja la wavu, halafu vitatu, halafu ngumi.

"Nyara," akaniita, binti yangu, "wavu huu hata mbuta atapita akiimba." Mbuta ndiye sangara, samaki mkubwa wa ziwani.

Uzi wenyewe ulikuwa wa kushonea magunia. Alinieleza tofauti kwa dakika tano, na ndizo dakika tano ndefu zaidi nilizomsikia akizungumza tangu alazwe. Akafumua mistari yangu yote kwa mkono wa kushoto, bila kuniomba ruhusa.

Kisha akaanza. Kibao cha kupimia macho ya wavu alikiweka kwenye mkono wa kulia. Niliona akikitia kati ya dole gumba na kiganja, akivisukuma vidole kwa mkono wa kushoto vikizingire. Sikumwambia. Kwa wiki mbili nimekuwa nikimbembeleza mkono huo ushike koni ya rangi ya chungwa, ukaniachia kila mara. Kibao ulikishika. Sindano ikaenda kushoto: fundo la kwanza, la pili, likalegea, akalifumua kwa meno, la tatu.

Mkewe alikuja kumchukua akakuta hivyo. Alisimama mlangoni na leso yake, hakusema kitu kuhusu mimi kusimama tu.

Fundo la tano halikutokea. Sindano ikaanguka, nikainama kuiokota, Madam akanishika bega. Mzee akainama mwenyewe, polepole, mkono wa kushoto. Ikaanguka tena. Mara ya tatu aliiacha pale chini, akafumba macho.

Saa 10:10 jioni

Mvua ya ziwani inapiga mabati. Naandika. *Amevaa shati akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, dakika 11. Ameingiza mikono yote miwili mwenyewe baada ya maelezo mara moja. Amefunga vifungo 3 kati ya 6. Mwanafunzi ameshika upindo wa shati kwa kifungo cha 4, amefunga 3 vilivyobaki.* Naandika kuhusu kibao, mafundo manne, mkono wa kulia. Namalizia: *Mgonjwa alichoka.*

Madam anasoma amesimama, mkoba tayari begani. Kalamu nyekundu inapita juu ya shati bila kugusa, inapita mafundo. Inasimama kwenye *alichoka*.

"Umejuaje?"

Nakata neno. Naandika juu yake: *Sindano imemponyoka mara tatu. Amefumba macho, akasema, "Kesho. Na ulete uzi wa maana."*

Anasaini notisi, kisha daftari la saa. Saa saba. Chakula cha mchana Madam hasaini, hata kama ulikitumia kuchonga sindano. 619.